Zege na Dawa Zake: Habari ya Ujenzi Katika Songea

Zege ni mkutano wa vitu vinne: saruji, mchanga, kokoto na maji. Mtu apitaye katika mji wa Songea, iwe Lizaboni, Bombambili au Mfaranyaki, hakosi kuviona vitu hivyo vikikutanishwa juu ya ardhi kwa koleo, vikachukuliwa kwa karai, vikamwagwa katika msingi, nguzo au jamvi la nyumba. Lakini kwa muda uzidio miaka mia kimekuwapo kitu cha tano, kidogo kwa kiasi na kikubwa kwa matokeo. Wanakemia wamekipa majina mengi marefu; mafundi wamekipa jina moja fupi, nalo ni dawa. Jina hilo la mafundi ni zuri kuliko linavyodhaniwa. Dawa hutiwa kidogo. Hubadili tabia ya mwili ulio mkubwa kuliko yenyewe mara nyingi. Na kipimo chake kikikosewa hudhuru pale ilipotazamiwa kuponya. Habari ya dawa za zege, tangu chokaa ya Kilwa hata makopo yauzwayo leo katika maduka ya vifaa vya ujenzi, ni habari ya namna wajenzi walivyohangaika kuyatawala maji. Mji wa Songea, ulio mbali na bahari na mbali na viwanda, una sababu kubwa ya kuijua habari hiyo.

Kabla saruji haijafika, nchi ya Ungoni haikuwa bila ujuzi wa kuchanganya. Nyumba ya fito na udongo hutaka udongo mwema, na wema wa udongo haukuachwa kwa bahati. Udongo wa kichuguu ulipendwa kwa sakafu na kwa kuta, kwa kuwa mchwa huuchambua, huulainisha na kuushikamanisha kwa mate yao hata ukawa mgumu kuliko ule ulio kando yake. Majani makavu yaliyokatwakatwa yalitiwa katika udongo ili usipasuke unapokauka. Samadi ya ng'ombe ilichanganywa na kupakwa juu ya sakafu ili vumbi litulie. Hakuna hata kimoja katika vitu hivi ambacho peke yake ni nyumba. Kila kimoja kilitiwa kwa sababu udongo mtupu ulikuwa na kasoro iliyojulikana, na kasoro ile ikatafutiwa tiba. Hiyo ndiyo asili ya dawa yoyote ya ujenzi.

Pwani tiba ilikuwa nyingine kwa sababu maradhi yalikuwa mengine. Huko mjenzi alikuwa na matumbawe. Aliyapanga juu ya lundo la magogo, akayachoma, akapata chokaa, akaitia maji na kuiacha ikae muda mrefu kabla ya kuitumia. Katika Kilwa Kisiwani, Husuni Kubwa iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na Msikiti Mkuu uliopanuliwa katika zama zile zile, vinaonyesha jinsi kazi hiyo ilivyofika mbali. Mapaa ya kuba na matao yalimwagwa kwa chokaa iliyochanganywa na vipande vya matumbawe, yaani kwa zege lililotangulia saruji ya viwandani kwa karne nyingi. Unguja wajenzi waliongeza udongo mwekundu katika chokaa ya kuta za Mji Mkongwe. Mgeni aweza kudhani kuwa udongo ule ulitiwa ili kupunguza gharama tu, lakini udongo wa namna hiyo, hasa ukiwa umepata moto, waweza kushikana na chokaa na kuisaidia kukaza.

Warumi wa kale walilijua jambo hilo katika majivu ya volkeno ya Pozzuoli, karibu na Napoli. Chokaa peke yake hukaza polepole kwa kuvuta hewa, na chini ya maji haipati hewa hiyo. Lakini ikichanganywa na majivu yale hukaza hata baharini. Mhandisi Vitruvius aliliandika jambo hilo katika karne ya kwanza kabla ya Kristo. Karibu na mwisho wa karne hiyo Warumi walipakia majivu ya Napoli katika merikebu na kuyavusha bahari ili kujenga bandari ya Kaisaria katika Palestina. Safari ile yaonyesha jambo litakaloonekana tena katika habari za Songea: mjenzi akijua kwamba kitu fulani kitaiponya kazi yake, yu tayari kukilipia njia ndefu.

Kati ya Kilwa na Ziwa Nyasa ilipita njia ya misafara, nayo ilikatiza katika nchi ya Ungoni. Kwa njia hiyo zilipita pembe za ndovu, nguo, bunduki na, kwa masikitiko, wanadamu waliouzwa. Ila chokaa ni mzigo mzito wenye thamani ndogo, na ufundi wa matumbawe ulibaki pale matumbawe yalipo. Wadachi walipoweka boma lao Songea mwaka 1897, na wamisionari wa Shirika la Mtakatifu Benedikto, wakiongozwa na Padre Cassian Spiss, walipoanza kazi Peramiho mwaka 1898, walikutana na sheria hiyo hiyo ya njia. Katika nchi ya bara bei ya saruji ni bei ya saruji pamoja na bei ya barabara, na barabara wakati ule ilikuwa mabega ya wapagazi.

Kwa hiyo Peramiho ilijengwa kwa kile nchi ilichotoa. Misheni ilichomwa katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, ikajengwa upya, na mwaka 1931 ikafanywa abasia. Matofali na vigae vilichomwa papo hapo. Waashi na maseremala walifunzwa papo hapo. Kanisa kubwa la abasia, lenye minara miwili, lilijengwa katika miaka ya 1940. Atazamaye matofali yale hujifunza kwamba uhaba wa saruji haukuzuia ujenzi mkubwa, uliufundisha uangalifu. Kitu kinachopatikana kwa shida hupimwa kwa kijiko. Kile kinachopatikana kwa urahisi humwagwa kwa ndoo.

Saruji yenyewe ni ya juzi katika historia ya ujenzi. Joseph Aspdin, fundi mwashi wa Leeds katika Uingereza, alipata hati ya ugunduzi wake mwaka 1824, akaiita saruji ya Portland kwa kuwa ilifanana na jiwe la mahali hapo. Saruji ya viwandani ya leo huchomwa kwa moto mkali zaidi, karibu nyuzi 1,450 za sentigredi, mpaka mawe ya chokaa na udongo yakafanya madonge magumu, kisha madonge hayo husagwa yakawa unga. Hapa ndipo dawa ya kwanza ilipoingia, na kila mnunuzi huinunua bila kujua. Unga wa madonge yale ukitiwa maji hukaza mara moja, kabla fundi hajainua koleo. Mwishoni mwa karne ya 19 ilionekana kwamba ukisagwa pamoja na jasi kidogo, yaani asilimia chache tu za uzito wake, ukazaji huchelewa kwa kiasi kimwachacho fundi afanye kazi. Tangu wakati huo hakuna mfuko wa saruji ya kawaida usio na jasi ndani yake. Mtu asemaye kwamba yeye hujenga kwa saruji safi isiyotiwa kitu anasema asilolijua.

Saruji na maji vikikutana haviungani kama udongo unaokauka. Huungana kwa badiliko la kikemia, na katika badiliko hilo sehemu ya maji hugeuka kuwa jiwe. Saruji huhitaji takribani robo ya uzito wake tu ili badiliko hilo litimie, na nyongeza kidogo ili maji yafike kila mahali. Kwa mfuko wa kilo 50, lita 20 zatosha kwa badiliko lote. Lakini zege lenye lita 20 kwa mfuko ni gumu kulikoroga, gumu kulishindilia, na mkono wa kibarua huchoka upesi. Kwa hiyo maji huongezwa ili zege liteleze. Maji yaliyozidi hayawi jiwe. Hubaki katikati ya zege, kisha hutoka kwa kukauka, na pale yalipokuwa huacha vinyweleo na mianya. Zege la namna hiyo kwa macho ni zima; kwa ndani ni sifongo.

Mtu aliyeliweka jambo hili katika hesabu ni Duff Abrams, aliyefanya kazi katika Chuo cha Lewis, Chicago. Baada ya kuvunja sampuli nyingi mno za zege, alitangaza mwaka 1918 kwamba, vitu vingine vikiwa sawa, nguvu ya zege hutegemea uwiano wa maji na saruji: maji yakizidi, nguvu hupungua. Kwa kanuni yake, mfuko wa kilo 50 uliotiwa lita 35 badala ya lita 25 huweza kupoteza zaidi ya theluthi moja ya nguvu. Ndoo moja ya lita 10, isiyogharimu kitu, huondoa thamani kubwa kuliko vile fundi angeweza kuiongeza kwa nondo au kwa rangi. Tangu siku ile swali la watengenezaji wa dawa likawa wazi: zege laweza namna gani kuteleza bila kuongezwa maji?

Jibu lilikuja kwa vipande, na vingine vilikuja kwa bahati iliyoangukia macho yaliyo wazi. Katika miaka ya 1930, huko Marekani, wahandisi wa barabara katika jimbo la New York waliona kwamba sehemu fulani za barabara za zege zilivumilia baridi ya theluji kuliko nyingine. Kwa kuchunguza waligundua kwamba saruji ya sehemu zile ilikuwa imesagwa kwa kutiwa mafuta ya wanyama ili kurahisisha usagaji. Mafuta yale yaliacha ndani ya zege mapovu madogo mno ya hewa, na barafu ilipotanuka ilipata mahali pa kukimbilia. Dawa hiyo ya hewa ikawa lazima katika nchi za theluji. Songea iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na wa Julai baridi yake hujulikana sana. Lakini maji hayagandi ndani ya nguzo zake. Mtu atakayenunua dawa ya hewa hapa kwa sababu imesifiwa Ulaya amenunua tiba ya maradhi asiyo nayo. Tena mapovu yakizidi, nguvu ya zege hupungua. Dawa hufuata nchi.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 ilionekana kwamba maji machafu yabakiayo baada ya kupika mbao kwa ajili ya karatasi yana kitu kinachofanya zege liteleze. Takataka ya kiwanda kimoja ikawa dawa ya kazi nyingine. Kwa mfuko wa kilo 50 gramu 100 na kidogo zaidi hutosha, na maji huweza kupunguzwa kwa asilimia 5 mpaka 10. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Kenichi Hattori katika Japani alitengeneza dawa yenye nguvu zaidi kutokana na naftalini, na karibu na wakati huo Wajerumani wakapata nyingine kutokana na melamini. Katika miaka ya 1980 Wajapani waliongeza jamii mpya, ambayo molekuli zake ni mithili ya kitana chenye meno marefu. Kwa dawa hizi za karibuni maji huweza kupunguzwa kwa asilimia 20 na hata 30, na zege likaendelea kutiririka.

Njia ya kazi yake ni rahisi kufahamika. Chembe za saruji zikitiwa majini huvutana, hukumbatiana mafungumafungu, na katikati ya kila fungu hufungia maji yasiyofanya kazi. Mjenzi aonapo zege limekaza hudhani maji yamekwisha. Kumbe yamo, ila yamefungwa. Dawa za kale hujipaka juu ya chembe na kuzipa zote chaji ya umeme ya aina moja, na vitu vyenye chaji ya aina moja hukimbiana. Dawa za kitana hufanya zaidi ya hapo: meno yake marefu huzuia chembe zisikaribiane. Mafungu hufumuka, maji yaliyofungwa huachiliwa, na zege huteleza kwa maji yake yenyewe. Dawa haiongezi nguvu kama mbolea iongezavyo mavuno. Humpa mjenzi ruhusa ya kuacha maji ndooni. Asipoyaacha, amelipia bure.

Ziko dawa za wakati. Kloridi ya kalsiamu huharakisha ukazaji, na hati ya kuitumia ilitolewa Uingereza mwaka 1885. Kwa muda mrefu ilipendwa, kwa kuwa ni rahisi na huwafaa wenye haraka. Lakini kloridi hualika kutu katika nondo. Kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani baada ya miaka, wakati fundi amekwisha lipwa na kusahauliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kanuni za Uingereza zikaikataza katika zege lenye nondo. Kinyume chake ni dawa za kuchelewesha, na maarufu katika hizo ni sukari ya chai. Gramu 25 katika mfuko wa kilo 50, yaani vijiko viwili vya chakula, huchelewesha ukazaji kwa saa kadhaa. Robo kilo huweza kuuzuia kabisa, na kazi yote ikawa hasara. Tofauti ya dawa na sumu ni vijiko vichache.

Ziko pia dawa za kuzuia maji yasipenye, ambazo ndizo zijulikanazo zaidi na wenye nyumba. Kaspar Winkler alianza biashara yake Zürich, Uswisi, mwaka 1910, na dawa yake ikapata jina ilipotumika kuzuia maji katika mahandaki ya reli ya Gotthard, yalipotayarishwa kwa treni za umeme. Leo makopo ya namna hiyo hupatikana katika miji mingi ya Tanzania, na hununuliwa kwa ajili ya visima, vyoo na kuta zinazonyonya unyevu wa masika. Yafaa kukumbuka kwamba maji hupenya zege kwa njia ya mianya ile ile iliyoachwa na maji ya ziada. Aliyekoroga zege lake likiwa chepechepe, kisha akanunua dawa ya kuzuia maji, amefungua mlango kwa mkono mmoja na kuufunga kwa mkono wa pili.

Baada ya Uhuru njia ya saruji kufika Songea ilibadilika hatua kwa hatua. Kiwanda cha Wazo Hill, karibu na Dar es Salaam, kilianza kutoa saruji mwaka 1966, nacho kilikuwa cha kwanza nchini. Kutoka huko mpaka Songea ni zaidi ya kilomita 900. Reli ya TAZARA ilifika Makambako katika miaka ya 1970, na katika miaka ya 1980 barabara ya lami ya Makambako mpaka Songea, karibu kilomita 300, ikakamilishwa kwa msaada wa Uingereza. Mbeya nayo ilipata kiwanda huko Songwe, jirani na nchi ya Rungwe yenye mawe mepesi na majivu ya volkeno yaliyo ndugu wa yale ya Pozzuoli. Vitu hivyo vikisagwa pamoja na saruji huchukua mahali pa sehemu ya madonge ya moto, hupunguza joto la ukazaji, na kwa muda mrefu huzidisha uimara. Kile Warumi walichokivusha bahari, nyanda za juu za kusini zilikuwa nacho chini ya miguu.

Mwaka 2015 kiwanda cha Dangote kilifunguliwa Mtwara, chenye uwezo wa kutoa tani milioni 3 kwa mwaka, na barabara ya lami kutoka Mtwara kupita Tunduru mpaka Songea ikaifungua njia ya mashariki. Hapo likatukia jambo linalofaa kuangaliwa. Makaa ya mawe ya Ngaka, katika wilaya ya Mbinga, yamekuwa yakipakiwa katika malori, yakapitishwa Songea, yakashuka kilomita zaidi ya 600 mpaka pwani kuwa moto wa tanuri za saruji. Majivu ya makaa yachomwayo katika tanuri huingia ndani ya madonge yenyewe. Kwa hiyo saruji ipandayo tena kuja Songea huweza kuwa na chembe za ardhi ya Ruvuma ndani yake, zikiwa zimekwenda pwani na kurudi. Mji huu haununui tu kitu cha mbali. Sehemu ya kile ununuacho ulikitoa wenyewe kama mali ghafi.

Maji ya mkoa huu nayo yamesafiri kwenda kukutana na zege. Mto Luwegu, utokao katika nyanda za Ruvuma, huungana na Kilombero kuwa Rufiji, na juu ya Rufiji limejengwa bwawa la umeme la Julius Nyerere, lenye ukuta mkuu wa kimo cha mita 131 na mitambo ya megawati 2,115. Ujenzi ulianza mwaka 2019, na maji yalianza kujazwa mwezi wa Desemba 2022. Ukuta ule ni wa zege la kushindiliwa, ambalo huwekwa likiwa na maji machache, likatandazwa tabaka juu ya tabaka na kukandamizwa kwa mashine za barabara. Katika kazi za namna hii dawa ya kuchelewesha ina cheo kikubwa, kwa kuwa tabaka la chini lisipokuwa hai bado, la juu halitashikana nalo, na maji yatapata njia katikati yao. Jambo lile lile la vijiko viwili hutumika kuzuia mto.

Tofauti ya bwawa lile na nyumba ya Lizaboni si dawa, maana dawa huweza kununuliwa na wote wawili. Tofauti ni kipimo. Bwawani kuna mizani na maabara, na kila zege lina hati yake. Mtaani zege hukorogwa chini, maji hutiwa kwa ndoo isiyo na alama, na mwenye nyumba aliyelipia mifuko kwa taabu huiona wingi wa maji kuwa ni wema, kwa kuwa kazi huenda upesi na jamvi huwa laini. Dawa ikiongezwa hapo humwagwa kwa kukisia, na maji hayapunguzwi. Kisha zege huachwa juani siku ya pili likauke, wakati lilipaswa kufunikwa na kumwagiwa maji kwa siku saba au zaidi. Maji yaliyozidi pale yasipotakiwa huja kukosekana pale yanapotakiwa.

Hasara yake si ya fedha tu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Dar es Salaam lilianguka, na watu 36 wakapoteza maisha. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo likiwa na wafanya biashara na wateja ndani. Majengo huanguka kwa sababu nyingi: michoro, misingi, nondo, tamaa. Lakini nguzo haitazami sababu. Hubeba kwa nguvu iliyo nayo, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo huamuliwa siku ile moja ya kukoroga. Miji ya mikoani nayo yainua ghorofa zake, na Songea ni mmoja wao.

Hakuna mji wa Tanzania ambao maneno maji na dawa yana kumbukumbu nzito kuliko Songea. Mwaka 1905 maji yaliyotoka Ngarambe kwa Kinjikitile yalienea nchi za kusini, na watu waliyapokea kuwa dawa ya kuzigeuza risasi. Mwaka 1906 Nkosi Mputa Gama na Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu una jina lake, walinyongwa pamoja na mashujaa wengi. Dawa ile iliunganisha makabila yaliyokuwa mbalimbali, na katika hilo ilitenda kazi kubwa ambayo taifa halijaisahau, risasi haikuigeuza. Si heshima kwa wafu kuwacheka, wala si hekima kuwalinganisha na wauza makopo. Ila uzito wa historia hiyo wampa mtu wa Songea haki ya kuuliza, mbele ya dawa yoyote iletwayo kwake kwa sifa nyingi: hii hutenda nini, haitendi nini, kwa kipimo gani, na ni nani aliyeijaribu?

Majibu ya maswali hayo hayahitaji mali nyingi. Ndoo iliyotiwa alama ya lita hugharimu kidogo sana. Koni ya bati ya kupimia mteremko wa zege, ambayo imo katika mafunzo ya kila chuo cha ufundi, huweza kutengenezwa na mfua bati yeyote. Mafundi wanaofunzwa Peramiho na katika chuo cha VETA cha Songea waweza kufundishwa uwiano wa maji kabla ya kufundishwa jina la dawa yoyote. Na mkoa una mali ghafi za kuchunguzwa: majivu ya makaa ya mawe, vumbi la matofali yaliyochomwa, majivu ya pumba za mpunga wa mwambao wa Ziwa Nyasa na wa Tunduru. Vitu hivi vikichomwa kwa joto lifaalo na kusagwa laini vyaweza kufanya katika saruji ile kazi ambayo udongo mwekundu uliisaidia chokaa ya Unguja. Kila kimoja kitake kujaribiwa kwa sampuli zilizovunjwa na kuandikwa, kama Abrams alivyofanya, wala kisikubaliwe kwa kuwa ni cha nyumbani tu.

Mjenzi wa Kilwa hakujua neno kemia, lakini aliijua chokaa yake kwa kuingoja. Mwashi wa Peramiho alikuwa na saruji kidogo, lakini aliijua thamani yake kwa njia iliyopita. Fundi wa leo ana saruji nyingi kuliko hao wote, na dawa ambazo hawakuziota. Alichopungukiwa aghalabu ni kipimo. Na kipimo, tofauti na saruji, hakihitaji kuletwa kwa lori kutoka Mtwara.